Shule yenye wanafunzi chini ya mia: maswali ya uandikishaji katika vijiji vya Tanga

Ukurasa huu ni wa wazazi, wajumbe wa kamati za shule na walimu wapya waliopangiwa vijiji ambavyo masika yakianza gari halifiki. Maswali ni yale yale yanayoulizwa kwenye vikao vya wazazi na kwenye ngazi ya ofisi ya mwalimu mkuu, kuanzia Mkinga mpakani, Pangani hadi Mkwaja, na bara huko Handeni na Kilindi. Nimefundisha shule za namna hii, kwa hiyo msishangae nikiegemea upande wao.

Pale penye hesabu za shule, shule hiyo ni ya mfano. Nimeipa wanafunzi 84: awali 14, la kwanza 13, la pili 15, la tatu 11, la nne 10, la tano 8, la sita 7, la saba 6. Tutairudia mara nyingi, basi ishike kichwani.

Shule ndogo sana ni ipi hasa?

Ofisini watu huhesabu mikondo. Shule ya mkondo mmoja ina chumba kimoja kwa kila darasa, na kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba. Darasa la kwanza hadi la saba ni wanafunzi 315 bila kuhesabu awali. Ninazozizungumzia hapa hazifiki hata theluthi ya hao. Ukizitafuta utazipata kwenye vitongoji vya wavuvi, kwenye kambi za mkonge zilizopungua watu, pembezoni mwa Hifadhi ya Saadani, na kwenye mikunjo ya Usambara ambako mtoto anaiona shule ng'ambo ya bonde lakini kuifikia ni kushuka na kupanda.

Mwalimu, mwanangu ana miaka mitano na nusu. Aanze awali au darasa la kwanza?

Awali. Mtoto wa miaka 5 huandikishwa awali, wa miaka 6 darasa la kwanza. Najua vijijini kuna hamu ya kumrusha mtoto awali kwa sababu "kaka yake keshamfundisha a, e, i". Kwenye shule ndogo hamu hiyo ina mtego wake: mwalimu wa awali mara nyingi ndiye huyo huyo wa darasa la kwanza, hivyo mzazi anaona haina tofauti. Tofauti ipo. Darasa la kwanza na la pili ni la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto asiyezoea kukaa, kushika penseli na kusikiliza mtu asiye mama yake huanza akiwa nyuma.

Hana cheti cha kuzaliwa. Atarudishwa?

Asirudishwe. Mlete na kadi ya kliniki. Kama nayo ilipotea, njoo na barua ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji inayoeleza umri na makazi. Cheti utaendelea kukifuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mtoto akiwa darasani. Usikiache lakini, maana jina na tarehe vitakavyoingia kwenye mfumo ndivyo vitakavyomfuata hadi kwenye vyeti vya mitihani. Mtoto anayeitwa Mwanakombo nyumbani, Kombo kwenye kadi na Mwanahamisi kwenye cheti ataisumbua familia miaka kumi baadaye.

Ada je?

Hakuna. Ada ya shule za msingi ilifutwa kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukapiga marufuku michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Sare, daftari na kalamu ni juu ya mzazi. Uji au chakula cha mchana ni makubaliano ya wazazi wenyewe kwenye mkutano, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi wake hajatoa debe la mahindi.

Mbona uandikishaji unatangazwa Oktoba, na Machi bado watoto wanaingia?

Tangazo la Oktoba huwakuta waliopo. Vijiji vya pwani na vya wafugaji havina watu wale wale mwaka mzima. Kuna waliokwenda dago, yaani kambi ya wavuvi ya msimu, kuna waliofuata malisho, kuna mama aliyerudi kwao kujifungua na watoto wote wakafuatana naye. Ndiyo maana mlango wa darasa la kwanza huachwa wazi hadi mwisho wa Machi.

Machi 31 ni siku nzito pia kwa sababu takwimu za shule kwa mwaka huchukuliwa kwa kuangalia hali ya tarehe hiyo. Idadi itakayoandikwa hapo ndiyo itakayosomwa Dodoma, nayo ndiyo msingi wa kupanga vitabu, walimu na fedha. Tazameni kalenda: masika ya Tanga huanza Machi. Kijito kikijaa, mtoto aliyekuja Januari anaweza kukosa wiki nzima, na aliyekuwa aje kuandikishwa mwisho wa mwezi akaamua kusubiri njia ikauke. Shule ya watoto 900 haitikisiki kwa watoto sita. Ya watoto 84 inatikisika. Ningekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ningepita kitongoji kwa kitongoji wiki ya kwanza ya Machi kabla mvua haijachanganya, wala nisingemwachia mwalimu mkuu peke yake kazi hiyo.

Kijiji chetu kina "shule shikizi". Mwanangu ni mwanafunzi wa wapi?

Ni mwanafunzi wa shule mama. Shikizi ni madarasa ya chini, aghalabu awali hadi la pili au la tatu, yanayowekwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee umbali mrefu. Haijasajiliwa peke yake. Wanafunzi wake huhesabiwa kwenye shule mama, fedha zao hupitia huko, walimu wao hupangwa kutoka huko. Wakikua hufuata shule mama kwa miguu.

Shikizi nyingi zilianza kwa nguvu za wanakijiji, miti na makuti. Mwaka 2021, katika fedha za mpango wa UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shikizi. Kwa hiyo siku hizi utakuta kitongoji chenye nyumba za udongo na vyumba viwili vya darasa vyenye marumaru. Chumba kizuri hakileti usajili, lakini, na kijiji kinachotaka shule kamili kinalazimika kuendelea: vyumba zaidi, vyoo vinavyotosha (tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25), ofisi, nyumba ya mwalimu. Hilo la mwisho wengi huliacha mwisho. Mimi ningelitanguliza, maana mwalimu asiye na pa kulala hakai.

Athari yake kwenye idadi ni hii: kitongoji kikipata shikizi, shule mama huonekana imepungua kwenye madarasa ya chini ingawa kwenye karatasi wanafunzi bado ni wake. Mgeni akiingia darasa la kwanza akakuta watoto watano, asikimbilie kusema watu wameacha kusomesha.

Wanafunzi 84, walimu watatu. Wanalalamikia nini?

Swali hili huulizwa na watu wa mjini, na hesabu yao iko sawa kabisa. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi, na mmoja kwa 25 awali. Shule yetu ya mfano ina wanafunzi 70 kuanzia la kwanza hadi la saba. Gawa kwa 45, unapata mmoja na nusu, ukikarimu, wawili. Ongeza mmoja wa awali, watatu. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, imetimia, na kwenye jedwali la halmashauri shule inaonekana imeneemeka kuliko ile ya mjini ambako mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto 120.

Sasa ingia shuleni. Madarasa ni manane. Kila moja lina ratiba yake, masomo yake na vitabu vyake. Darasa la saba la watoto sita linahitaji hisabati, sayansi, Kiswahili, Kiingereza, maarifa ya jamii na mengineyo kama la watoto sitini. Mtoto hapunguziwi silabasi kwa sababu wenzake ni wachache. Walimu watatu kwa madarasa manane maana yake ni kwamba, kila kipindi, madarasa matano hayana mtu. Mmoja akiitwa semina mjini, akiumwa, au akienda likizo ya uzazi, yanakuwa sita. Na mmoja wa hao watatu ndiye mwalimu mkuu, ambaye hukimbizana na mifumo, vikao vya kata na mafundi wa choo.

Ndiyo sababu nasema uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi ni kipimo kibaya kwa shule ndogo. Ulizeni walimu wangapi kwa madarasa mangapi. Kamati inayokwenda kwa Afisa Elimu Kata na hoja ya uwiano itarudi mikono mitupu. Inayokwenda na ratiba ya wiki, imeonyesha vipindi vilivyo wazi kwa wino mwekundu, angalau itasikilizwa.

Kwa hiyo watoto wanakaa bila kufundishwa?

Wengine ndiyo, tusifichane. Walimu wenye uzoefu huunganisha: la tatu na la nne chumba kimoja, nusu ya ubao kwa hawa, nusu kwa wale, wakubwa wanafanya zoezi wakati wadogo wanasomeshwa, kisha wanabadilishana. Inafaa zaidi kwa Kiswahili na maarifa ya jamii kuliko hisabati. Kufundisha hivi ni fani yake, na mwalimu aliyezoea darasa moja mjini huchanganyikiwa mwezi wa kwanza. Lakini mtoto wa la tatu anayemsikiliza kaka wa la nne akisoma kwa sauti huokota mengi, na nimeona watoto wa namna hiyo wakifika la nne nusu ya kitabu wanakijua. Baadhi ya vijiji humlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne ashike awali. Ni msaada mkubwa, ila asiachiwe awali mwaka mzima bila mwalimu wa kumwelekeza.

Shule inapata fedha kiasi gani?

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi imewekwa kuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, na 6,000 hutumwa shuleni. Chukua wanafunzi wetu 70: 70 mara 6,000 ni Sh 420,000 kwa mwaka, sawa na Sh 35,000 kwa mwezi. Hapo mna chaki, karatasi, kuchapa mitihani, nauli ya kupeleka taarifa, na bawaba ya mlango iliyong'oka.

Mwalimu mkuu naye hupata posho ya madaraka ya Sh 200,000 kwa mwezi, iwe shule ina watoto 70 au 2,000. Simwonei wivu, maana wa kijijini huimalizia humo humo kwenye nauli na simu. Ila pima mwenyewe: posho ya mtu mmoja ni karibu mara sita ya fedha za kuendesha shule nzima. Paa la darasa la watoto sita huvuja sawa na la watoto sitini, lakini fedha hufuata vichwa na haziangalii paa. Kila mtoto ambaye hakuandikishwa ni Sh 6,000 zimepotea kwa mwaka. Kila aliyehama akabaki kwenye daftari ni Sh 6,000 za hewa, na za hewa wakaguzi huzitafuta.

Mapokezi ya fedha hizo hutakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mzazi ana haki ya kuyasoma.

Darasa la kwanza wako 13, la saba 6. Si ushahidi wa utoro na mimba?

Inawezekana, lakini umbo hilo peke yake halithibitishi. Watoto hawa sita si mabaki ya wale kumi na watatu. Ni kundi jingine, lililoanza miaka sita nyuma. Ukitaka kujua mdondoko, fungua daftari la uandikishaji la mwaka walioanza hao wa la saba, usome jina kwa jina. Tuseme walikuwa tisa. Wawili walihama na wazazi kazi ya mkonge ilipokwisha, na barua za uhamisho zipo. Mmoja alikariri la nne baada ya upimaji wa kitaifa. Halafu yuko mmoja aliyehamia katikati. Tisa, toa wawili, toa mmoja, ongeza mmoja, ni saba. Waliopo ni sita. Aliyetoweka ni mmoja, naye ana jina, ana nyumba, ana mjomba anayejulikana.

Huo ndio uzuri wa shule ndogo, na nasikitika hautumiki. Shule ya mjini haiwezi kumfuatilia kila mtoto. Ya watoto 84 inaweza, na jioni moja inatosha. Asilimia tuwaachie wenye maelfu.

Kwa wasichana walioacha kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu kurudi shuleni. Waliopitisha umri wapo kwenye utaratibu wa MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa), pale halmashauri ilipoweka kituo. Sheria ya Elimu ya 1978 nayo, kwa marekebisho ya 2016, ina kifungo cha hadi miaka thelathini kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Vijijini kesi hizi hukwama kwenye vikao vya ukoo kabla hazijafika polisi, na kwenye shule ya wasichana watatu darasani kila mtu anajua ni nani anazungumzwa.

Wanafunzi wa shule hizi ni watoto wa nani?

Inategemea kijiji kinaishi kwa nini.

Pwani ya Pangani na Mkinga ni bahari. Kuna watoto wa wenyeji, na kuna watoto wa dago. Mvuvi anahama na upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, kambi moja inajaa. Kusi ikiingia, watu wanahamia penye kinga. Wengine huacha familia, wengine huzichukua. Tanga tuna msemo, "waja leo, waondoka leo", na kwa mtoto wa dago ni ratiba ya masomo. Anaingia shule ya pili Februari, anaondoka Mei. Wapo wanaotoka Pemba, na kwa hao mwalimu lazima aangalie kwa makini, kwa kuwa Zanzibar ina wizara yake ya elimu na mpangilio wake wa madarasa. Mama zao wengine hulima mwani, na siku za bamvua maji yanapokupwa sana utaona madawati wazi, ya mabinti wakubwa mengi kuliko ya wavulana.

Kwenye mashamba ya mkonge mambo ni mengine. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na kutoka hapo mkoa ukageuka. Manamba walitoka pande zote za nchi na nje yake, na wajukuu wao bado wako Muheza, Korogwe na Mkinga. Shule ya kambi huwa na majina ya mikoa mingi kwenye daftari moja. Shamba likishamiri, shule inajaa. Likifungwa, inabaki na majengo makubwa na watoto wachache. Baadhi ya shule tunazoziita ndogo leo zilizaliwa kubwa.

Handeni na Kilindi, na vijiji vya Pangani vilivyopakana na nyika, vina wafugaji, Wamaasai na Wabarabaig. Kiangazi mvulana wa miaka kumi anachunga. Umbali nao ni mkubwa, kwa hiyo wengi huanza shule wakiwa na miaka minane au tisa. Kuna pia vijiji ambako idadi hupanda ghafla, kama Msomera, Handeni, iliyoanza kupokea kaya kutoka Ngorongoro Juni 2022.

Na kila mahali kuna watoto wa bibi. Wazazi wako Dar es Salaam au Tanga mjini, mtoto yuko kijijini kwa bibi yake. Hawa ndio wanaoingia na kutoka bila taarifa: Juni mama anampeleka mjini "kutembea", harudi. Bibi haoni haja ya kumwambia mwalimu, na shule inaendelea kumwandika mtoro kumbe anasoma Mbagala.

Mbona takwimu za shule hazitaji kabila?

Kwa sababu hatuulizi. Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Shule huandika jinsi, umri, ulemavu, uyatima na mazingira magumu. Mwalimu anajua kwamba mtoto huyu kwao wanazungumza Kidigo, yule Kizigua, yule Kimaa, na ajue hivyo, maana anayeanza shule bila Kiswahili cha kutosha anahitaji muda. Kwa wengi wa pwani Kiswahili ndicho cha nyumbani, ingawa chenye lafudhi ya Mtang'ata ambayo mwalimu wa bara huitilia alama ya kosa bila sababu.

Chuo cha Kurani kinapunguza wanafunzi?

Saa zikipangwa vizuri, hapana. Mwalimu wa madrasa na mwalimu mkuu wakikaa chini wakakubaliana kwamba asubuhi ni shule na alasiri ni chuo, mahudhurio ya pande zote mbili hupanda. Penye kutosemezana, mtoto ndiye anayechapwa mara mbili.

Wasichana wanazidi wavulana. Kuna tatizo?

Kwenye darasa la watoto sita, wasichana wanne na wavulana wawili ni bahati ya kuzaliwa tu. Tazama shule nzima kwa miaka kadhaa. Kama la kwanza na la pili wanalingana, halafu kila mwaka wavulana wanapungua kuanzia la tano, hapo kuna kitu: ngalawa, ng'ombe, au bodaboda ya mjomba.

Mtoto wangu ana ulemavu. Shule ya watoto 84 inamfaa?

Ana haki ya kuandikishwa hapo. Uchache wa watoto humsaidia: anajulikana, hapotei kwenye msongamano, wenzake humshika mkono njiani. Upungufu ni wa wataalamu na vifaa. Kwa asiyeona au kiziwi ningesema ukweli kwamba shule ndogo ya kijijini haimtoshi, na ni bora kuuliza halmashauri kuhusu shule yenye kitengo au ya bweni, kama ile ya wasioona ya Irente, Lushoto. Kwa ulemavu wa viungo, mara nyingi kinachohitajika ni ngazi kugeuzwa mteremko na choo chenye mlango mpana. Fundi wa kijiji anaweza.

Tahadhari moja kwa walimu: msibandike ubaoni jedwali la wanafunzi kwa aina ya ulemavu au uyatima. Mahali ambapo "1" ni mtoto mmoja anayejulikana na wote, hiyo si takwimu tena. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Shule yetu ilishika nafasi ya juu, mwaka uliofuata ikaporomoka. Walimu wamelegea?

Watahiniwa wanane wakifaulu wote ni asilimia 100. Mmoja akianguka, ni 87.5. Mtoto mmoja aliyeamka na homa ya malaria siku ya mtihani wa darasa la saba ameishusha shule asilimia 12.5. Baraza la Mitihani lililijua hili zamani, ndiyo maana lilipokuwa likipanga shule lilizitenga zenye watahiniwa chini ya 40. Chukueni matokeo ya miaka minne au mitano mkayajumlishe pamoja, ndipo mwalaumu au msifu.

Fomu za TASAF zinahusianaje na mahudhurio?

Kaya iliyo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yenye mtoto wa shule, hutakiwa mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mwalimu hujaza. Akikosa kwa ugonjwa, leteni cheti cha zahanati mapema.

Itakuwaje mwaka 2027?

Kwa Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka ule ule ambao wa mwisho wa la saba watamaliza. Madarasa mawili yanaondoka kwa mkupuo. Kwenye shule yetu ya mfano, la sita na la saba ni watoto 13 kati ya 84. Wakiondoka wote, na wakaingia 13 wengine awali, idadi inabaki ile ile. Wakiingia 7, shule inashuka hadi 78. Faida ipo: madarasa yanakuwa saba badala ya manane kwa walimu wale wale, na chumba kimoja kinabaki wazi. Kamati zianze sasa kuamua chumba hicho ni cha awali au cha vitabu, kabla hakijageuzwa stoo ya madawati mabovu. Na wazazi wa hao 13 waulize mapema sekondari ya kata iko umbali gani, maana watakaokwenda kidato cha kwanza Januari 2028 watakuwa wengi kupita kawaida.

Shule ikiwa ndogo mno, itafungwa?

Mwelekeo wa miaka hii ni kujenga na kusogeza madarasa karibu na watu, kama ilivyo kwa shikizi. Kinachowahi zaidi ni kufifia: mwalimu mmoja anahamishwa hajazibwa, wazazi wenye uwezo wanahamisha watoto, idadi inashuka, hoja ya kuomba mwalimu inadhoofika. Mkiona mwalimu anaondoka, andikeni barua kupitia serikali ya kijiji mwezi huo huo. Mkingoja Machi, takwimu zitakuwa zimeshawasemea.

Tunahama katikati ya mwaka. Nifanye nini?

Mwambie mwalimu mkuu kabla hujafunga mizigo. Mtoto ana namba ya PREM kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, nayo humfuata maisha yake yote ya shule ya msingi. Shule ya zamani humwachia kwenye mfumo, mpya humpokea. Asipoachiwa, ataketi darasani kwa mwalimu mpya huku kwenye mfumo akiwa bado kwa yule wa zamani, na ikifika upimaji wa la nne au mtihani wa mwisho, jina haliko. Mtandao ukisumbua kijijini, na husumbua, mwalimu atapanda mlimani na kishikwambi chake. Wewe ondoka na barua ya uhamisho yenye muhuri, namba ya PREM imeandikwa kwa wino, na nakala ya ripoti ya mwisho ya mtoto. Kwa wanaokwenda dago kila msimu, ombeni nakala mbili.